Kukata Kinundu Kisichouma: Je, ni Kubadili Umbile?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa Mtongwe swali ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nasi hatulioni dogo: mtu aliyeota kinundu chini ya ngozi, kisichomuuma wala kumzuilia kazi, yafaa avuke feri ya Likoni akakikatishe hospitalini? Wako waliomwambia kwamba mwili ni amana, na kukata kisichodhuru ni kubadili umbile la Mwenyezi Mungu. Basi na asubiri.

Yapasa kwanza kukijua kitu chenyewe. Kinundu hiki si jipu wala si sunzua. Ni kifuko kilichojifunga chini ya ngozi, aghlabu penye shina la unywele, na ndani yake hujaa taka za ngozi ileile, nyeupe na nzito, zenye harufu mbaya. Hukua polepole, pengine kwa miaka, na mara nyingi juu yake huonekana kitundu cheusi. Kwa kawaida hakina hatari. Basi mwenye kuamua kukiacha hana lawama, na tabibu mwema hamlazimishi.

Ama hoja ya umbile, twaiona imewekwa pasipo pake. Umbile ni lile alilozaliwa nalo mtu, na kinundu kimezuka baadaye juu yake. Khabari ya Arfaja bin As'ad ni mashuhuri katika vitabu vya Hadithi: alipoteza pua yake katika vita vya Kulab zama za ujahili, akavaa pua ya fedha ikamnukia, na Mtume (s.a.w.) akamuamuru avae ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Pua ya dhahabu hainusi kitu. Haja yake ilikuwa ni uso wake mbele za watu, na haja hiyo ikahesabiwa.

Nasi twawauliza wanaohubiri subira: je, mmekibeba nyinyi? Binti mwenye kinundu kwenye paji huitwa kwa kinundu chake kabla ya kuitwa kwa jina. Mchukuzi mwenye nacho utosini hujua uzito wa gunia mara mbili. Na yuko ambaye kila asujudupo hukilalia. Dhambi ni ya mwenye kucheka, hapana shaka. Lakini hatuoni kwamba mchekwa amefungiwa mlango wa dawa mpaka wachekaji watubu.

Tabibu Abul-Qasim az-Zahrawi wa Qurtuba, yapata miaka 1000 iliyopita, aliandika katika kitabu chake at-Tasrif namna ya kuviondoa vinundu hivi pamoja na vifuko vyao. Mpaka leo shauri ni lilelile. Mgonjwa hudungwa sindano ya ganzi hapo hapo bila kulazwa usingizi, ngozi hukatwa, kifuko hutolewa kizima, kisha hushonwa. Iko njia nyingine: hukatwa mpasuko mdogo wa milimita 2 au 3, hukamuliwa kilichomo, na ukuta wa kifuko ukavutwa kwa pale palipopasuliwa. Njia hii huacha kovu dogo, lakini kipande cha ukuta kikisalia, kinundu hurudi. Na hii ndiyo sababu ya kuwaonya wanaokitoboa kwa sindano ya cherehani au kukichoma kwa chuma cha moto: hutoka taka, kifuko hubaki, na usaha huingia. Kikiwa tayari kimewaka na kuwa chekundu, aghlabu matabibu hukamua usaha tu na kungoja wiki kadhaa kabla ya kukitoa.

Hapa pana mizani ya kweli, nayo si ile ya umbile. Sisi watu weusi makovu yetu huweza kuvimba yakawa makubwa kuliko jeraha, khasa kifuani, mabegani na masikioni. Mwenye kinundu kidogo kifuani aulize sana kabla ya kukibadilisha kwa kovu. Na baba mwenye karo ya watoto isiyolipwa ana haki ya kukiahirisha chake. Ila kinundu kigumu kisichosogea, au kinachokua kwa haraka, au kinachotoa damu, hicho hakiahirishwi. Kionyeshwe kwa daktari, na kikitolewa kipelekwe maabara kikachunguzwe.

Wengine, tumesikia, hawaogopi kisu bali huogopa kupotewa na Sala, kwa kuwa huambiwa wasilitie maji jeraha siku ya kwanza au ya pili, na nyuzi za usoni hukaa siku 5 hadi 7. Khofu hiyo haina msingi. Palipo pazima paoshwe, bandeji ipakazwe maji kama tabibu hakukataza, na kwa sehemu iliyokosa maji atayamamu. Na aliyeshonwa pajini, akiwa kusujudu kwamdhuru, ainame kiasi awezacho.