Sheria na Kibaba

Biashara ni kuaminiana. Mnunuzi hutoa fedha ambayo thamani yake yajulikana na wote, akapokea kitu ambacho mara nyingi muuzaji peke yake ndiye ajuaye uzito na ubora wake. Je, dhamiri ya muuzaji yatosha kumlinda mtu asiyejua? Na kama haitoshi, sheria ya nchi yafaa nini pasipo mtekelezaji?

Wapo wasemao kuwa dhamiri yatosha, maana muuzaji mdanganyifu hukimbiwa na wanunuzi, duka lake likafa. Hoja hii ina ukweli pale penye maduka mengi na wanunuzi walio huru. Lakini tutazame Kakuma, katika Turkana, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992. Mwaka 2015 uliletwa mpango wa Bamba Chakula, uliowapa wakimbizi sehemu ya posho yao kwa njia ya simu, waitumie katika maduka yaliyoandikishwa tu. Tena, mtu aliyekopeshwa unga kabla posho haijafika hana budi kurudi kwa yule aliyemkopesha. Asiyeweza kuhama duka hawezi kumwadhibu anayempunja. Hapo dhamiri huachwa peke yake na tamaa.

Upunjaji wenyewe hauna kelele. Gorogoro lililobonyezwa kitako hupunguza konzi moja ya mahindi, na mzani uliolegezwa hula kipande cha nyama. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kibaba cha nani.

Kwa hiyo nchi iliweka sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, kuelezwa habari anazohitaji, kulindwa afya na mali yake, na kufidiwa akidhurika kwa kasoro. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ikafuata mwaka 2012. Sheria ya Mizani na Vipimo, iliyo kongwe kuliko hizo, yataka mzani wa biashara ukaguliwe na kupigwa muhuri. Na tuangalie neno moja: Katiba imesema watumiaji, haikusema raia. Mkimbizi anunuaye maharagwe Kakuma amo, na mfugaji anunuaye sukari Lodwar amo.

Mfanyabiashara aweza kulalamika kuwa barabara kutoka Kitale ni ndefu na gharama ni nyingi. Malalamiko yake ni ya kweli, lakini hayajibu swali. Bei kubwa iliyotajwa waziwazi ni mzigo; kipimo cha uongo ni wizi. Tena wa kwanza kuumia ni muuzaji mwaminifu, kwa kuwa mdanganyifu aweza kutangaza bei ndogo kuliko yake.

Basi nani atekeleze? Mwaka 2016 Bunge lilitunga Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo, ili mashauri ya namna hii yaamuliwe upesi. Ni jambo jema. Lakini nani atapoteza siku ya kazi na nauli kwa ajili ya nusu kilo ya maharagwe? Hasara ya mmoja ni ndogo mno kufikishwa mahakamani. Hasara ya elfu moja ni kubwa mno kusamehewa. Ndiyo sababu kazi hii haiwezi kuachiwa aliyepunjwa. Ni wajibu wa dola, yenye jicho la kuona jumla ambayo mnunuzi mmoja haioni. Katiba imeipa serikali ya taifa ulinzi wa watumiaji, na serikali za kaunti usimamizi wa biashara ya haki. Wajibu wa wawili usipoangaliwa huwa wajibu wa hakuna. Mkaguzi asipotoka Lodwar kwenda Kakuma, mzani mbovu hupata heshima ya mzani mzima.

Husemwa kuwa mnyonge hana haki. Msemo huo si amri. Ni habari ya mahali ambapo sheria imelala. Kijana asomaye leo ndiye mkaguzi, hakimu au muuza duka wa kesho. Nchi itapimwa kwa kibaba anachopokea yule asiyeweza kwenda kununua kwingine.