Meza ya Nje ya Geti

Meza ilikuwa nje ya geti letu Jumanne asubuhi, imeegemezwa ukutani, miguu yote minne mizima. Saiprasi, si mbao za kubabaisha. Juu ina alama ya mviringo ya kikombe cha moto, na droo moja isiyo na kishikio. Mimi huu ni mwaka wa pili naandikia kitandani, laptopu juu ya mto, mgongo umepinda kama wa babu. Kwa mafundi wa Ngong Road, meza ya aina hiyo ningeiulizia bei halafu nijifanye napokea simu.

Nikafungua droo. Ndani kulikuwa na kibiriti, kalamu mbili, na karatasi yenye namba za tokeni za stima.

Soja wetu alikuwa ananiangalia nikiizunguka. "Kijana, beba tu. Ni ya mtu amehama."

"Amehama ama amehamishwa, mzee?"

Akageuza macho akatazama barabara. "Si ni kitu kimoja."

Nikaiacha. Na kwa siku mbili nilijisikia mtu safi sana. Sifa hizo nilizojipa zimeniishia, ndiyo maana naandika.

Tuseme ukweli kwanza: wengi wetu tukipita kiti kando ya barabara, si maadili yanayotupitisha. Ni kunguni. Ukishawahi kulala na taa imewaka kwa wiki nzima, godoro umelimwagia maji ya moto na bado wapo, hata ukipewa kiti cha enzi utauliza kwanza kimetoka keja ya nani. Baada ya kunguni kuna aibu. Nani anataka kuonekana na majirani akipandisha ngazi na kitu cha kuokota? Kwa TikTok tunaona vijana wa New York wakibeba sofa za watu kutoka kando ya barabara, wanacheka, wanapiga picha, na tunawapa laiki. Lakini kule sofa ikiwa nje, kawaida maana yake ni moja: mwenyewe ameichoka.

Nairobi hakuna anayechoka sofa namna hiyo. Sofa ikizeeka inapelekwa kwa fundi ivalishwe kitambaa kipya. Ikikataa kabisa inapanda lori kwenda ushago, ama anapewa dada wa kazi, ama soja. Kitanda kikivunjika mbao zake zinakuwa rafu. Sisi ni watu wa mbachao, hatuuachi hivi hivi. Kwa hiyo meza nzima ikisimama nje ya geti, tena katikati ya mwezi, swali si nani ameitupa. Swali ni nani ametolewa.

Najua kwa sababu yalinikuta. Mwaka nilioacha chuo nilikuwa na deni la kodi la miezi miwili, bedsita ya kawaida tu, choo ndani. Nilirudi jioni moja nikapata kufuli si yangu, na vitu vyangu vimepangwa nje kama vya mnada. Nilienda kutafuta pa kuviweka. Niliporudi baada ya masaa mawili, stuli haikuwepo, pazia halikuwepo, sufuria kubwa haikuwepo. Sidhani aliyechukua hata mmoja alijiona mwizi. Kila mmoja aliona kitu kimetupwa. Hilo neno "kimetupwa", nimegundua, ni la anayechukua. Mwenye kitu halitumii.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 268, inasema aliyeokota kitu kilichopotea hahesabiwi kuwa amekichukua kwa nia mbaya ikiwa wakati huo hamjui mwenyewe, na ana sababu za maana za kuamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Hapo kwa "hawezi kupatikana" ndipo penye kazi. Mwenye meza angepatikana. Soja alikuwa na namba yake. Nilijua ana namba yake. Kwa hiyo kutochukua kulikuwa sawa, na hapo ndipo nilipoketi nikijipigia makofi.

Halafu nikaikumbuka meko yangu. Siku ile nilipofurushwa, meko haikuwepo pia, na nililia kwa ajili yake kuliko vitu vingine vyote. Kesho yake mama mboga wa ng'ambo ya barabara akaniita: "Wewe, kuja uchukue gesi yako. Ningeiacha pale ungeipata?" Alikuwa ameibeba mwenyewe mpaka kibandani, akaifunika na gunia la viazi. Ukiangalia kwa mbali, yeye na aliyeondoka na stuli yangu walifanya kitu kilekile: waliinama, wakainua, wakaondoka.

Rafiki yangu mmoja wa Mombasa aliwahi kunieleza jinsi fikihi ya Kiislamu inavyoshughulikia mali iliyookotwa. Anayeokota kitu cha thamani anatakiwa azishike alama zake vizuri, kisha akitangaze mwaka mzima, na mwenyewe akija na kuzitaja alama, arudishiwe. Mwaka mzima! Nilipomsikia mara ya kwanza nilicheka. Sasa nasikia kitu kingine: kuna njia ya kuchukua ambayo ni kutunza. Mimi nilikuwa na mikono miwili na chumba chenye nafasi ya meza. Mikono yangu niliiweka mfukoni nikaita hiyo heshima.

Jumanne usiku mvua ilinyesha. Jumatano uso wa meza ulikuwa umevimba na droo haifunguki. Alhamisi jamaa wa mkokoteni aliivunja pale pale kwa shoka, akauzia mama wa mandazi wa steji kuni. Ijumaa nilinunua mandazi mawili hapo kabla sijaunganisha mambo.

Jumamosi nilimwomba soja ile namba. Hakuuliza ya nini. Aliisoma polepole kutoka simu yake ya vibonyezo, mimi nikiandika. Alisema ni msichana, alikuwa anasoma, alikuwa akisalimia vizuri, aliahidi kurudia vitu mwisho wa mwezi.

Nimeisevu kwa jina "Meza". Mwisho wa mwezi ni kesho kutwa, na sijapiga.