Je, Samaki Aliyekomaa Aweza Kukunjwa?

Wazee wetu walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Maana yake twaijua sote: mtoto afundishwe angali mdogo, kwa sababu akikomaa hakunjiki tena. Ni methali ya kweli, na wazazi wengi wamelea vizuri kwa kuifuata. Lakini hata methali ya kweli huweza kutumiwa vibaya. Hutumiwa vibaya hasa inapotupwa usoni pa kijana aliyekwisha pita utoto, naye ataka kuanza jambo jema.

Tuchukue mfano mmoja ambao pengine wengine watauona mdogo. Msichana wa miaka 15 ataka kujiunga na kikundi cha wachezaji. Kwetu Kongo kikundi cha ngoma za asili huitwa bale, kwa neno la Kifaransa. Huko Ulaya neno hilohilo ni jina la mchezo mwingine, ule wa kusimama juu ya ncha za vidole vya miguu na kuruka kama mtu asiye na uzito. Mchezo huo siku hizi hufundishwa hata Nairobi, katika mtaa wa Kibera. Joel Kioko, kijana wa mtaa wa Kuwinda katika mji huohuo, alipata somo lake la kwanza katika darasa la shule lisilo na kioo wala mti wa kushikilia, madawati yakiwa yametolewa nje.

Basi, iwe bale hii au ile, msichana wetu akifika siku ya kwanza atakuta watoto wa miaka 7 na 8 waliomtangulia. Wao wazijua hatua, yeye hazijui. Wote wamegeuka kulia, yeye amegeuka kushoto. Watu waliosimama kando wacheka, na mmoja asema: "Mama mzima huyu, anatafuta nini kwa watoto?"

Je, arudi nyumbani au abaki? Na akibaki, atapata faida gani, ikiwa labda hatawafikia kamwe waliomtangulia? Hilo ndilo swali letu.

Tuseme ukweli kwanza

Tusimdanganye kijana. Mwili una majira yake kama shamba. Bale ya Ulaya imewekewa kanuni tangu zamani; mwaka 1661 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alianzisha chuo cha kucheza mjini Paris. Kanuni moja yataka miguu igeuke nje tangu nyonga, hata nyayo zitazame pande mbili. Lakini mfupa wa nyonga hujiumba wakati wa utoto. Aliyekomaa hawezi kuugeuza apendavyo, na akilazimisha, goti ndilo liumialo. Tena katika miaka ya kubalehe mifupa hurefuka upesi, misuli ikakaza, hata kijana huviona viungo vyake kama vya mtu mwingine. Na kusimama juu ya ncha za vidole si kazi ya mwaka wa kwanza kwa mtu ye yote; hutaka miaka kadha ya kuimarisha miguu. Ndiyo sababu katika vyuo vikubwa watoto huanza wakiwa na miaka 8 au 10 hivi.

Ngoma zetu nazo zina sharti lake. Mtoto aliyebebwa mgongoni pa mama anayecheza amekwisha pokea mdundo kabla hajajua kusema. Aliyekulia mbali na ngoma atahesabu hatua kichwani, pale ambapo mwenzake huzipiga bila kufikiri.

Kweli, wako waliochelewa wakafika mbali. Rudolf Nureyev aliingia chuo kikubwa cha Leningrad mwaka 1955, naye ana miaka 17, wakati wenzake wengi walikuwa wamekwisha soma pale miaka mingi. Hakuwa mgeni kabisa, maana tangu utoto alicheza ngoma za nchi yake na kupata masomo kwa walimu wa mji wa Ufa. Mwaka 1958 aliingia katika kundi la Kirov, akawa mmoja wa wachezaji wakuu wa dunia. Misty Copeland wa Marekani alianza akiwa na miaka 13, katika kituo cha watoto cha mtaa wao huko California. Mwaka 2015 alikuwa mwanamke wa kwanza katika Wamarekani weusi kupewa cheo cha juu cha mchezaji katika kundi la American Ballet Theatre.

Majina hayo ni ya kweli, lakini tusiyatumie kama chambo. Wengi sana walianza wakubwa, nao wakabaki wachezaji wa kawaida. Ikiwa sababu ya kuanza ni kuwa mtu mashuhuri, basi karibu vijana wetu wote wangefanya vyema kurudi nyumbani. Yatupasa kutafuta sababu nyingine, inayosimama hata kwa yule ambaye hatajulikana nje ya kijiji chake.

Aliyezaliwa akitembea

Katika nchi ya Walikale Wanyanga wana hadithi yao kubwa ya Mwindo. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke wa kijiji cha Bese aliisimulia mbele ya mtaalamu Daniel Biebuyck muda wa siku 12, akisema, akiimba na kucheza. Ikapigwa chapa kuwa kitabu mwaka 1969, kwa kazi ya Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga.

Mwindo ana jina la sifa, Kabutwakenda, maana yake mdogo aliyezaliwa na papo hapo akatembea. Hakufundishwa kusema wala kwenda. Baba yake, Shemwindo, alitaka kumwua, akashindwa. Nani asiyetamani kuwa hivyo? Vijana wengi wataka kuzaliwa wakitembea katika kila jambo. Wataka kujua kabla ya kujifunza, wasionekane hata siku moja katika hali ya kutojua.

Lakini wazee hawakuimaliza hadithi pale. Mwindo alimwua joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba akamchukua juu mbinguni, akakaa huko mwaka mzima katika baridi, mvua na jua kali, akikaripiwa kwa kiburi chake. Aliporudi kwao kiburi kilikuwa kimevunjika, akatawala kwa haki. Tazameni: hata yeye aliyezaliwa akitembea alifanywa mwanafunzi mwishoni, tena akiwa mtu mzima mwenye sifa. Shule aliyoikosa utotoni ilimngoja mbele.

Na hadithi yenyewe hupokewa vipi? Msimuliaji huwa na wasaidizi wanaopiga vijiti na kuitikia nyimbo. Huko ndiko kijana anakojifunza. Hasimami katikati siku ya kwanza. Huanza na kijiti, akaenda na kiitikio, na maneno humwingia kidogo kidogo. Wala hakuna anayemcheka kwa kuwa ameshika kijiti.

Nani humkunja nani?

Sasa turudi kwenye methali. Samaki hajikunji mwenyewe. Mkono wa mtu humkunja. Ndivyo alivyo mtoto mdogo. Mama amempeleka, mwalimu amemshika mguu, naye amefuata. Hajui bado haya, hajui kujipima na wengine. Akicheza vizuri twafurahi, lakini sehemu kubwa ya sifa ni ya wale waliomkunja.

Kijana wa miaka 15 hakunjwi na mtu. Akikunjika, amejikunja mwenyewe. Ajua kwamba anachekwa, na bado amebaki. Mtoto wa miaka 8 amwambia: "Yaya, si hivyo, anza na mguu wa kushoto." Naye ajibu: "Asante, mdogo wangu," kisha aanza na mguu wa kushoto. Je, hili ni jambo dogo? Wako watu wazima wenye vyeo ambao hawajaweza kulifanya hata mara moja katika maisha yao. Wazee walisema pia: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii ndiyo ya kijana wetu, kuliko ile ya samaki.

Basi, faida ya kwanza ni kujijua kwa kweli. Ajua kipimo cha nguvu zake, bila kujidharau wala kujidanganya. Faida ya pili ni utii uliochaguliwa, ulio mgumu kuliko utii wa mtoto. Faida ya tatu ni kupenda jambo jema kwa sababu ni jema, hata lisipomletea sifa.

Mtu ataniuliza: "Je, jambo jema likifanywa vibaya, bado ni jema?" Nami namwuliza: sombe iliyopikwa na binti anayejifunza, je, haishibishi? Ngoma zetu kwa sehemu kubwa hazikufanywa kwa ajili ya watazamaji waliolipa. Watu huzicheza pamoja katika arusi, katika kupokea mgeni, katika kushukuru kwa mavuno. Hata katika Misa ya kwetu, kwa utaratibu uliokubaliwa na Roma mwaka 1988, watumishi huizunguka altare kwa kucheza, wala hakuna anayekaa kuwapa alama. Penye duara, nafasi iliyojazwa imejazwa.

Lakini mtu asifikiri kwamba nausifu uzembe. Anayeanza akisema "Mimi ni mkubwa, hii yanitosha," huyo hajaipenda ngoma, amejipenda mwenyewe. Akipendaye kitu hutaka kukitenda sawasawa. Basi aje kwa saa, apashe mwili moto kabla ya kuruka, aache mara aonapo maumivu ya goti au ya nyonga, asimwige mtoto aliye laini kuliko yeye. Na mwalimu asimsukume kwa nguvu ili kuponya miaka iliyopotea kwa mwezi mmoja. Miaka iliyopita haiponywi. Iliyo mbele ndiyo ya kutumiwa.

Jambo hili si la ngoma tu

Ndugu msomaji, pengine wasema moyoni: katika taabu zetu zote, ya nini kuandika juu ya msichana anayetaka kucheza? Nitakujibu.

Mwezi wa Machi 1993 damu ilimwagika sokoni Ntoto, katika Walikale, na vita vikaenea Masisi. Tangu wakati ule watoto wamezaliwa, wakakimbia, wakawa wazazi, na watoto wao wakakimbia pia. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Goma, na mwezi wa Machi vikafika mjini Walikale. Katika nchi ya namna hii, ni nani aliyeanza kila jambo kwa wakati wake? Yuko kijana wa miaka 14 anayejifunza kusoma. Yuko wa miaka 16 anayeshika cherehani mara ya kwanza. Hawakuchelewa kwa uvivu. Utoto wao ulitumika njiani, na mzigo kichwani. Ikiwa kuchelewa ni aibu, basi tumekitia kizazi kizima aibuni kwa kosa lisilo lao.

Tena tuangalie ni nani anayewapokea waliochelewa bila kuwacheka. Wenye bunduki msituni hawamwulizi kijana kwa nini hakuanza mapema. Humpa silaha siku ileile na kumwita mtu mzima. Sisi twamkaribisha kwa kicheko, wao wamkaribisha kwa jina kubwa. Je, tutashangaa akienda kwao? Kila duara la wema linalomfungia mlango kijana lampunguzia njia za kurudi.

Wazazi nao wana haki ya kuuliza maswali. Mwalimu ni nani? Masomo yaisha saa ngapi? Mavazi ni ya heshima? Kazi za shule na za nyumbani zafanywa lini? Na akija mtu wa kuahidi kwamba atampeleka binti Ulaya akacheze apate fedha, wamwulize zaidi, maana wadanganyifu ni wengi. Maswali hayo ni ya busara. Lakini neno "umechelewa" si swali. Ni mlango uliofungwa, nao mara nyingi hufungwa na mtu asiyejua kucheza mwenyewe.

Kwa hiyo, ninyi mnaosimama kando ya uwanja, zuieni kicheko chenu siku ya kwanza. Siku ya kumi hamtakuwa na la kucheka. Ninyi walimu, mpeni mkubwa anayeanza nafasi katika mstari, wala msimwonyeshe kama kichekesho. Na wewe kijana, nenda. Anza na mguu wa kushoto kama mdogo wako alivyokuambia. Wazee waliotuachia methali ya samaki walituachia nyingine pia, fupi kuliko ile: Kawia ufike. Wala hawakusema ufike wa kwanza.