Alama ya Moto Shavuni

Somo: Yohana 20:19-29



Mama yangu alipofariki, nilipeleka picha yake studio moja hapa Musoma ikakuzwe, iwekwe mbele ya jeneza. Kijana wa pale akaniuliza, "Mwalimu, nimpunguzie makunyanzi?" Nikamjibu, "Punguza. Na hilo kovu la shavuni liondoe kabisa." Ilikuwa kazi ya dakika chache kwenye kompyuta. Nikaondoka nimeridhika.

Tulipofika msibani Bunda, mama mdogo aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, huyu ni nani? Alama ya moto iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nyumba yetu ya nyasi ilipoungua, nami ni mtoto mchanga, mama aliingia ndani kunitoa. Kovu lile lilikuwa bei ya uhai wangu, nami nililipa fedha lifutwe.

Kurekebisha picha si jambo la leo. Wakati wa filamu, mpiga picha alichonga penseli yake vizuri akaipitisha juu ya negativu, na makunyanzi yakapotea. Siku hizi simu nyingine hulainisha uso bila hata kuombwa. Kupenda kupendeza si dhambi. Sisi sote huchana nywele kabla ya kuja kanisani. Kufuta kipele cha wiki moja hakumdhuru mtu. Lakini tukifuta yale ambayo maisha yameyaandika usoni, twatoa ushuhuda wa uongo, hata kama twafanya hivyo kwa upendo.

Jirani yetu wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alichongwa meno ya mbele ujanani kwa desturi ya Wazanaki. Akawa Rais, akapigwa picha duniani kote, naye alicheka wazi, meno yakaonekana. Alifariki mwaka 1999, na katika picha hizo twamtambua hata leo.

Zaidi ya yote, tumtazame Bwana wetu. Alifufuka katika mwili wa utukufu. Milango iliyofungwa haikumzuia. Je, Baba alishindwa kuzifuta alama za misumari? Hakushindwa. Lakini Yesu aliwaonyesha wanafunzi mikono yake na ubavu wake, nao wakafurahi. Hata Tomaso alimjua kwa majeraha yale.

Basi tujiulize: twaja mbele za Mungu na uso upi? Kuna nyumba zenye ugomvi, kuna madeni, kuna ugonjwa unaofichwa, na kila Jumapili twasalimiana kwa nyuso zilizorekebishwa. Nani atamwombea ndugu yake ikiwa hakuna anayeonyesha kidonda?

Picha ile nimeiondoa. Ukutani kwangu sasa ipo ya kwanza, yenye kovu. Wajukuu wakiuliza, nawasimulia habari za moto.

Ee Bwana, utupe ujasiri wa kuonekana kama tulivyo, maana wewe watujua tangu zamani. Amina.