Je, Ni Haki Kumrithisha Mtoto Tumaini Lililotuchosha?

Katika ukurasa huu wa tafakari tumezoea kuchukua swali moja na kulijadili pamoja. Safari hii swali limetoka mbali sana, kwenye nchi ya barafu, lakini tunaamini mtalitambua.

Ndugu yetu mmoja, aliyeimba nasi kwaya miaka mingi kabla ya kuhamishiwa Kanada, sasa anaishi katika jiji la Toronto. Huko amekuwa mshabiki wa timu ya hoki iitwayo Toronto Maple Leafs. Mwezi Mei 2025, baada ya timu yake kutolewa mashindanoni, alitutumia ujumbe wa sauti. Alisema mtoto wake wa miaka tisa amelala na jezi mwilini huku akilia. Kisha akatuuliza: "Je, nimemkosea? Mimi ndiye niliyempa timu hii, na nilijua kwamba inashindwa. Kwa nini nilimpa mtoto kitu cha kumliza?"

Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza. Swali hilo si la hoki tu.

Kwanza tuieleze hoki yenyewe kwa wasioijua. Wachezaji sita kila upande, pamoja na kipa, huteleza juu ya barafu wakiwa wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini. Kila mmoja ana fimbo, na badala ya mpira wanapiga kisahani kigumu cha mpira mweusi. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20. Katika hatua ya mtoano, timu mbili hukutana hadi mara saba, na ya kwanza kushinda mechi nne inasonga mbele. Mshindi wa mwisho hupewa Kombe la Stanley. Stanley huyo si yule aliyepita Kongo, bali ni Lord Stanley, gavana mkuu wa Kanada, aliyelitoa kombe hilo mwaka 1892.

Timu ya Toronto imelitwaa kombe hilo mara 13. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 2 Mei 1967, walipoifunga Montreal 3–1. Bao la mwisho lilifungwa na nahodha, George Armstrong, sekunde 47 kabla ya mchezo kwisha. Watu wa Toronto walisherehekea, na hakuna aliyedhani kwamba safari inayofuata itakawia. Armstrong aliishi mpaka mwaka 2021, akafariki akiwa na miaka 90, bila kuliona kombe likirudi. Kati ya siku ile na mwaka 2025 ni miaka 58. Wapo wazee wa Toronto waliolishuhudia wakiwa watoto, nao sasa wana wajukuu ambao hawajawahi kuliona.

Tena si kwamba timu hiyo imekuwa dhaifu miaka yote. Pengine ingekuwa dhaifu siku zote, watu wangeshazoea. Shida ni kwamba mara kwa mara inakaribia. Tarehe 13 Mei 2013, katika mechi ya saba dhidi ya Boston, walikuwa wakiongoza 4–1 katika kipindi cha mwisho. Boston wakapata bao moja, kisha wakafunga mawili ndani ya dakika moja na nusu ya mwisho, na katika muda wa ziada wakashinda 5–4. Mwaka 2021 Toronto walishinda mechi tatu kati ya nne za kwanza dhidi ya Montreal. Walihitaji moja tu, wakapoteza zote tatu zilizobaki. Mwaka 2023 walishinda hatua moja ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2004, na watu wakaimba barabarani kama kwamba kombe limefika. Halafu mwaka 2025, katika mechi ya saba, mbele ya watu wao wenyewe, walifungwa na Florida 6–1. Ndiyo siku mtoto wa ndugu yetu aliyolala na jezi.

Wapendwa, ni nani kati yetu asiyejua uchungu wa kukaribia? Aliyekaa miaka mbali na jambo huvumilia. Lakini aliyeitwa kwenye usaili, akapimwa afya, akauza kitanda na sufuria, kisha akaambiwa asubiri, huyo ana jeraha la namna nyingine. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, watu waliokuwa na tarehe ya ndege mkononi walirudi kuomba sufuria zao kwa majirani. Hao wanaielewa mechi ya mwaka 2013 bila kufundishwa hoki.

Basi turudi kwenye swali. Katika kikundi chetu tulitofautiana. Mama mmoja alisema wazi kwamba kumpa mtoto tumaini usiloweza kulitimiza ni kumkopesha deni. Alisema watoto wake aliwaambia kila mwaka kwamba watarudi nyumbani, na sasa mkubwa wao hamwamini tena, hata anapomwambia jambo la kweli. Hatukuweza kumjibu haraka, kwa sababu anasema alichokiishi.

Mzee mmoja alijibu kwa methali tunayoijua wote, kwamba mvumilivu hula mbivu. Mama yule akamwambia: "Methali haisemi atakula mwaka gani, mzee." Kwa kweli haisemi. Mtu anaweza kuvumilia vizuri na asile. Armstrong hakula tena.

Hata hivyo tunaona kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kutabiri, na kuna kutumaini. Anayetabiri husema, "Mwaka huu ni wetu." Anayetumaini husema, "Sijui kama ni mwaka huu, lakini sitaacha kuwa wao." Wa kwanza anaweza kuonyeshwa kuwa mwongo na kalenda. Wa pili hajadanganya mtu. Tunadhani watoto wa mama yetu walichoshwa na utabiri, si na tumaini. Walipewa tarehe, na tarehe zikapita.

Ni kweli kwamba mambo yasiyotarajiwa hutokea. Timu ya New York Rangers ilisubiri kombe hilo tangu 1940 hadi 1994. Timu ya St. Louis ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima mwanzoni mwa Januari 2019, na mwezi Juni mwaka huohuo ikalitwaa kombe kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mambo haya yanatukataza kusema "haiwezekani." Lakini hayatupi ruhusa ya kusema "ni hakika." Kwa kila St. Louis moja zipo timu nyingi zilizokuwa za mwisho Januari na zikabaki za mwisho.

Je, kuna tumaini baya? Tunaona lipo, na linajulikana kwa anayelilipia. Mshabiki wa Toronto akishindwa, amepoteza usingizi, machozi na pesa ya tiketi. Kesho yake anakwenda kazini na mtoto anakwenda shuleni. Lakini tumaini likimfanya baba asipande maharagwe kwa kuwa "tutaondoka kabla ya mavuno," likimfanya mama asimwandikishe binti shuleni kwa kuwa "atasomea kule," basi limeanza kula miaka ya wengine. Mtoto wa miaka saba akisubiri ndege bila kusoma mpaka akafika miaka kumi na miwili, hata ndege ikija, ile miaka mitano haipandi naye. Tumaini la kweli halizuii jembe.

Tena kuna uaminifu mbaya, ule wa kunyamaza. Wengine husema mashabiki wa Toronto ndio walioiharibu timu, kwa kuwa wananunua tiketi hata inapocheza ovyo. Lakini si wote walionyamaza. Katika msimu wa 2014–2015, timu ilipokuwa ikicheza vibaya kabisa, baadhi yao walivua jezi na kuzitupa kwenye barafu. Hatusemi watu watupe vitu. Tunasema kwamba anayependa ana haki ya kulalamika, na kulalamika si kuacha kupenda. Wazee wa imani walimlilia Mungu wakiuliza mpaka lini, na vilio vyao vimo katika Zaburi, havikufutwa. Mtu aliyeacha kabisa halalamiki tena.

Kwa hiyo tulimtumia ndugu yetu jibu, na tunaliweka hapa ili nanyi mlipime.

Tulimwambia hakumkosea mtoto kwa kumpa timu. Mtoto anayelia kwa ajili ya timu amejifunza kushikamana na kitu nje ya nafsi yake, na hilo halipatikani bila gharama. Angemkosea kama angemwahidi kombe. Angemkosea pia kama angemcheka anapolia, au kumwambia mwanamume halii. Tulimwomba amweleze ukweli wote: kwamba miaka 58 imepita, kwamba huenda akazeeka bila kuliona, na kwamba yuko huru kuchagua timu nyingine. Kisha amwache achague. Mapenzi yanayorithishwa bila ruhusa ya kuyaacha huwa mzigo.

Alitujibu baada ya wiki mbili. Alimweleza mtoto yote hayo, hata habari ya nahodha Armstrong. Mtoto alifikiri, kisha akauliza msimu mpya unaanza mwezi gani. Akaambiwa ni Oktoba. Akasema jezi ifuliwe.

Yule mama wa kikundi chetu alipousikia ujumbe huo hakusema kwamba ameshindwa katika mjadala, wala sisi hatukumwambia hivyo. Lakini jioni ile alimwita mwanawe mkubwa, akamwambia kwamba hajui watarudi nyumbani lini, na kwamba alikosea kumpa tarehe. Kijana akamuuliza kijiji chao kilikuwaje wakati wa mavuno. Walizungumza mpaka taa ikazimika.

Nanyi wapendwa, mnawaambia watoto wenu nini? Tungependa kusikia kutoka kwenu kabla ya toleo lijalo. Bwana awabariki.