WAFU WANA HAKI GANI JUU YETU?



Ndugu Waislamu, leo tuangalie jambo linalofanywa Madagaska, na tusiliangalie kwa kucheka. Katika milima ya kati ya kisiwa kile, kwa Wamerina na Wabetsileo, kuna desturi inayoitwa famadihana, maana yake kugeuza. Kila baada ya miaka kadhaa, mara nyingi mitano au saba, ukoo hukutana katika miezi ya baridi, kati ya Juni na Septemba, na kufungua kaburi la mawe la wazee wao. Maiti hutolewa, huvikwa sanda mpya ya hariri iitwayo lambamena, hubebwa mabegani kwa ngoma na tarumbeta. Watu hucheza nao. Wengine huwapa habari za nyumbani: nani ameoa, nani amezaa. Kisha huwarudisha na kaburi hufungwa.

Kwa imani yao, mtu akifa hatoki katika ukoo. Anaingia daraja la razana, wazee waliotangulia, wenye kubariki na wenye kuadhibu. Muumba wanamjua, wanamwita Zanahary au Andriamanitra, ila wanapitia kwa wazee. Wengi wao ni Wakristo wanaokwenda kanisani, na bado kaburi hufunguliwa. Tena mzee akimjia mtu ndotoni akilalamika baridi, ukoo hufahamu ya kwamba wakati wa sanda mpya umefika.

Ndugu yangu, kuna jambo hapa linalotuaibisha. Sisi tunazika upesi, kama tulivyoamrishwa, lakini wangapi wetu wanasahau upesi vilevile? Wao, sanda baada ya sanda, huwataja wafu wao kwa majina mbele ya watoto. Wewe, mara ya mwisho ulimwombea babu yako lini, kwa jina lake?

Lakini siku ile ya famadihana, mwanamke asiyepata mtoto huchukua kipande cha mkeka uliofunika maiti, akakiweka kitandani apate kuzaa. Hapo njia zetu zinaachana. Kumwombea maiti ni jambo moja, kumwomba maiti ni jingine. Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa mzee, mke wake tasa. Katika dua yake alilitaja jina la Yakubu, mzee wa ukoo wake, aliyekufa zamani sana. Alimtaja, hakumwomba. Aliyemwomba ni Yule asiyekufa, naye akampa Yahya.

Kisha kuna gharama. Hariri ni ghali, wageni ni wengi, ng'ombe huchinjwa. Ukoo hujiwekea feza miaka mingi, na wengine hukopa. Abubakari (r.a.) alipokaribia kufa aliagiza azikwe katika nguo aliyokuwa nayo, nguo iliyokwisha kutumika, kwa sababu aliona ya kuwa aliye hai anaihitaji mpya kuliko maiti.

Tusiwanyoshee kidole Wamalagasi peke yao. Hata kwetu kuna kilio ambacho watu hukopa ili waombolezaji wale washibe, na madeni ya marehemu mwenyewe hayaulizwi. Mwenye duka anakuja siku ya kumi na daftari lake, anaambiwa aliyekopa amekwisha kufa. Mjane anaangalia chini.

Mtume wetu (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari mbili. Akakataa kumsalia mpaka Abu Qatada aliposema deni lile ni juu yake. Ndipo akamsalia. Baadaye akamwuliza Abu Qatada kama amekwisha kulipa. Akajibu kwamba yule mtu alikufa jana tu. Kesho yake akamwuliza tena. Abu Qatada akasema amelipa, na Mtume akamwambia kwamba sasa ndipo ngozi ya yule maiti imepata kupoa.