Jumanne: Dinari Mbili Zina Maana Gani?

Soma Luka 10:25-37. Mwanasheria alitaka kujua nini, naye Yesu alimtuma akafanye nini?

Origeni wa Aleksandria, aliyezaliwa yapata mwaka 185 B.K., alikuwa msomi wa Biblia aliyejifunza pia falsafa ya Wayunani. Alipohubiri juu ya mfano huu alieleza tafsiri iliyokwisha kujulikana: aliyejeruhiwa ni Adamu, Yeriko ni dunia, kuhani ni torati, Mlawi ni manabii, Msamaria ni Kristo, nyumba ya wageni ni kanisa, na dinari mbili ni Baba na Mwana. Origeni hakusahau kuwahimiza watu wamwige Kristo. Lakini msomaji anayeishia kwenye mafumbo hayo hubaki bila majeruhi wa kubeba. Mwanasheria yule angerudi nyumbani ameridhika, mikono yake mitupu.

Je, dawa ni kuchukua kila neno kama lilivyoandikwa? Mwanahistoria Eusebio anasimulia kwamba Origeni huyohuyo, akiwa kijana, alilichukua hivyo neno la Mathayo 19:12 akajihasi. Tena Yesu alijiita mlango (Yohana 10:9), wala hakuna anayemtafutia bawaba.

Soma Danieli 8:3-8, 20, 21. Ni nani anayeeleza maana ya kondoo mume na beberu?

Danieli hakujitungia maana, malaika alimweleza. Hapo ndipo usalama wetu ulipo. Neno lipewe maana yake ya wazi, ile ambayo mwandishi aliikusudia kwa wasikilizaji wake, na pale penye ishara Maandiko yenyewe yaifungue. Katika Luka 10 Yesu mwenyewe alifunga mfano wake kwa agizo: mwanasheria aende, akatende rehema.

Wazee wa Kihanga na vijiji vingine vya Karagwe wanakumbuka mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Ngara na Karagwe kwa maelfu. Aliyemkuta mama mwenye mtoto mgongoni kando ya migomba yake hakuwa na nafasi ya kuuliza dinari mbili ni fumbo la nini. Alipaswa kuamua kama atampa maji na ndizi, au atapita upande wa pili. Siku ile kila mtu alionyesha jinsi anavyoisoma Luka 10.

Mtu anaweza kulikwepa Neno kwa elimu nyingi, na anaweza kulikwepa kwa kung'ang'ania herufi. Anayelisoma kwa unyenyekevu huinuka kitini na kutafuta aliyelala njiani.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni fungu gani ambalo kikundi chenu hupenda kulifanya fumbo kwa sababu agizo lake ni gumu? Someni Mathayo 5:44 na Yakobo 2:15, 16.

2. Mtawasaidiaje vijana kutofautisha ishara na maneno ya wazi?

3. Ni nani aliyelala kando ya njia yenu juma hili? Kabla ya Sabato ijayo, kikundi kitamfanyia nini?